Tangazo Nililolisoma Mimi: Kisa cha Msichana wa Luanda na Nyumba ya Nakuru

Tangazo lenyewe halikufika mistari mitano. Nililisoma mimi, katibu wa baraza la kanisa, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ya mwaka juzi, katika kanisa letu lililo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Luanda, kaunti ya Vihiga. Binti yetu fulani, aliyekaa nyumbani kwa kukosa karo, amepata mfadhili. Atakwenda Nakuru kukaa na mmoja wetu, asaidie kazi ndogo ndogo za nyumba huku akisomea ususi. Kinachokosekana ni nauli na viatu. Kikapu kikapita, tukapata shilingi 4,300. Tukamwita mbele, akapiga magoti, wazee wakamwekea mikono. Jumanne akaondoka.

Alikuwa na miaka 15.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nimekaa kwenye semina kadhaa za ulanguzi wa binadamu, na katika zote mlanguzi ni mtu mgeni mwenye gari la vioo vyeusi. Majina nimeyaacha yote, la kanisa letu likiwemo, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha msichana nimeyanyamazia.

Aliyekuja alikuwa wa kwetu

Mama aliyemchukua alibatizwa kwetu, akaimba kwaya kwetu, akaolewa Nakuru. Kila Desemba hurudi na sukari ya kugawa. Mwaka aliotuchangia mabati ya jiko la kanisa alipewa kiti cha mbele, na tangu hapo kikawa chake. Alipokwenda kumwona baba ya msichana, hakwenda peke yake. Alimchukua mzee mmoja wa kanisa, wakaomba kwanza, ndipo wakazungumza.

Baba huvunja kokoto. Waliopita barabara ya Kisumu kwenda Busia wameyaona marundo ya kokoto kando ya lami ukiipita Maseno; baadhi ni jasho lake. Ana watoto watano. Shule ya kutwa ya msichana ilikuwa ikidai pesa za chakula cha mchana na za vitabu za mihula miwili. Mtu asiyemjua angesimama stendi ya Luanda amwambie mzee huyu, "Nipe binti yako niende naye Nakuru," angefukuzwa kwa mawe, na mawe hapo hayakosi. Lakini huyu alikuja na mzee wa kanisa na sala mdomoni. Kila swali ambalo baba angeuliza lilikuwa limekwisha kujibiwa na kile kiti cha mbele. Cheti cha kuzaliwa aliombwa, "kwa ajili ya chuo," akakitoa.

Wakati nao ulichaguliwa vizuri. Desemba ndio mwezi wa mlanguzi. Jamaa wa mjini wamerudi, matatu zimejaa, msichana akisafiri na mtu mzima hakuna wa kumtazama mara mbili, na Januari iko mlangoni na karo yake. Jirani zetu Wakatoliki huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita tarehe 8 Februari, aliyezaliwa Darfur, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa, kisha akawa mtawa Italia. Tangu 2015 siku hiyo imekuwa ya maombi dhidi ya ulanguzi wa watu dunia nzima. Nimewahi kuhudhuria, na maombi yalinigusa. Lakini Februari aliyechukuliwa amekwisha chukuliwa.

Kiamunyi

Nyumba ilikuwa Kiamunyi, mtaa wa Nakuru, ya geti jeusi. Hapakuwa na chuo cha ususi wala mtu aliyekuwa na nia ya kukitafuta. Msichana aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akawaandaa watoto watatu, akafua, akapika, na alasiri akapelekwa kusimama kwenye duka la mwajiri mpaka saa mbili usiku. Simu yake ndogo ya vibonyezo ilichukuliwa siku ya pili, "usisumbuliwe na wavulana." Baba alipopiga, alipiga kwa yule mama, na msichana akapewa azungumze huku sauti imefunguliwa kwa wote. "Niko sawa, baba." Mzee alikuja kanisani kututolea shukrani kwa maneno hayo.

Mshahara ulikuwapo. Shilingi 6,000 kila mwezi, ziliingia kwa M-Pesa kwenye simu ya yule mama, juu ya 5,000 alizolipwa mara ya kwanza kwa "kutafuta mtu." Msichana aliambiwa zinawekwa ada ya chuo, na mwajiri akaambiwa msichana ana miaka 19 na pesa zinakwenda kwa baba yake mgonjwa. Alitimiza miaka 16 ndani ya nyumba ile.

Jumapili familia yote ilipokwenda ibadani, yeye alibaki kulinda nyumba.

Aliyemwona ni mama mboga, mwenye kibanda kwenye kona. Nilipomuuliza baadaye alianzia wapi kushuku, hakuanzia kwenye kipigo wala kilio. Alianzia kwenye vidole. Vilikuwa vimemenyeka kwa Jik, dawa ya kung'arisha nguo, ngozi imetoka mpaka kwenye kucha, na msichana alikuwa akishika sukuma kwa viganja, kama mtu anayebeba yai. Kisha pesa. Alikuja nazo zimefungwa kwenye pembe ya leso, kamili bila shilingi ya ziada, na hata akipunguziwa bei alirudisha chenji akasisitiza ihesabiwe mbele yake, maana geti lilikuwa linahesabu. Miezi ikapita hivyo. Mwezi wa Novemba, mama mboga akimkatia sukuma, msichana akauliza huku akitazama nyuma:

"Mama, kutoka hapa mpaka Luanda ni pesa ngapi?"

"Luanda ya wapi, mwanangu? Ya Bunyore?"

Mama mboga mwenyewe kaolewa Nakuru kutoka Emuhaya, huko huko Bunyore. Akamjibu kwa lugha ya nyumbani, na msichana akalia pale pale, sukuma mkononi. Hakumuuliza mengi. Aliuliza jina la kanisa lao tu. Jioni akampigia dada yake anayeuza omena soko la Luanda, na keshoye dada akanipata mimi.

Simu niliyopiga

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo nilipokosea vibaya kuliko kwenye tangazo.

Nilimpigia yule mama. Ndiyo, yeye mwenyewe. Katika akili yangu nilikuwa natenda haki: usimhukumu mtu hujamsikiliza, na huyu ni mshirika wetu. "Bwana asifiwe, mama. Binti yetu anaendeleaje huko?" Akaitikia, akacheka, akasema yuko darasani. Nikamweleza, kwa upole, kwamba kuna watu wanasema vingine. Akaniuliza ni watu gani. Nikasema, jirani mmoja wa huko anayeuza mboga.

Kufika usiku msichana hakuwa tena Kiamunyi.

Ilichukua siku kumi na moja kumpata. Mama mboga hakunilaumu, alinyamaza tu kwenye simu kwa muda ambao nauona mrefu mpaka leo, kisha akaenda steji ya bodaboda. Kijana mmoja alikumbuka kubeba msichana mwenye mkoba wa buluu wa zipu iliyokatika. Alikumbuka kwa kuwa abiria mwenyewe hakujua anakopelekwa. Aliyepanga safari alikuwa mwanamke kwenye simu, akimwelekeza yeye kona kwa kona hadi Kaptembwo, mtaa mwingine wa Nakuru. Akaonyesha ploti. Hakuomba hata pesa ya mafuta, ingawa nasikia akina mama walimpa.

Kwa hiyo mtu akikuletea habari kama ile niliyoletewa, usimpigie anayetuhumiwa, hata akiwa shemeji yako. Wala mzazi usimpigie kabla hujajua nani anampa habari. Na wewe na vijana wa kwaya msiende getini kugonga. Piga 116, ile simu ya watoto, bure, saa zote, au mwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Ukienda polisi, dai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mama mboga alianza kituoni, na afisa aliyekuwa zamu akamwambia hayo ni mambo ya wasichana wa kazi, waende kwa mwajiri waelewane mshahara. Mke wa mchungaji wake ndiye aliyesema wapige 116, na kutoka hapo jambo likamfikia afisa wa watoto, aliyerudi nao kituo kile kile akaingilia mlango mwingine, dawati la jinsia na watoto. Msichana alitolewa Kaptembwo saa tano asubuhi. Hakuna aliyevunja mlango. Kitasa kilikuwa kimefungwa kwa nje na ufunguo uko kwa jirani.

Kwa nini huu ni ulanguzi

Yule afisa wa zamu hayuko peke yake. Hata kwenye baraza letu mtu aliuliza: ulanguzi si mpaka uvuke Busia, ama upelekwe Saudi?

Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Watu ya 2010, iliyoanza kutumika 2012, inafuata itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ile ya Palermo, na haidai mpaka wowote. Kutoka Luanda hadi Nakuru kunatosha. Inatazama mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumpokea au kumweka. La pili ni njia iliyotumika, iwe nguvu, vitisho, hadaa au kutumia unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 hilo la pili halihitaji kuthibitishwa kabisa. Na kukubali kwa mlanguliwa si utetezi. Msichana wetu alikubali, mbele ya kanisa zima, magoti chini. Mbele ya sheria haibadilishi kitu.

Simaanishi kila yaya kijana amelanguliwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu aliyetimiza miaka 16 kuajiriwa, na aliye kati ya 13 na 16 inampa kazi nyepesi tu, isiyomwondoa shuleni. Wako wasichana wanaofanya kazi za nyumba, wanalala vizuri, wanashika mshahara wao kwa mkono wao na kuutuma wanakotaka. Tofauti iko hapo mkononi. Huyu wetu hakushika shilingi kwa miezi kumi na moja. Simu hana, cheti hana, Jumapili hana, na aliyempeleka ndiye anayelipwa.

Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ukirudia, ni kifungo cha maisha. Nilipoisoma hesabu hiyo kwenye baraza, mzee aliyempeleka yule mama kwa baba ya msichana alitoka nje na hakurudi mkutanoni siku hiyo. Hakushtakiwa. Alidanganywa kama sisi. Lakini kiti chake nacho kilitumika.

Kitabu cha ubatizo

Utetezi wa kwanza ulikuwa umri. Yule mama akasema msichana ni mtu mzima, na cheti cha kuzaliwa eti kilipotea. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Novemba. Mpelelezi akataka kumpeleka hospitali kwa makadirio ya umri, ambayo hukupa miaka ya kukisia.

Kabatini kwetu tuna vitabu vya ubatizo, vimeliwa na mchwa pembeni. Nilimpata ukurasa wa nne: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa akiwa na miezi mitano, wazazi wa ubatizo wawili. Kwenye safu ya pili ya wazazi hao kulikuwa na jina la yule mama. Alikuwa amemshika mtoto huyo mikononi siku anapakwa maji.

Mahakama zetu hukubali kadi ya ubatizo kama mojawapo ya ushahidi wa umri, na iliyoandikwa miaka mingi kabla ya kesi ina uzito wake. Mchungaji alitia sahihi na muhuri kwenye nakala, mimi nikaandikisha taarifa. Kati ya yote kanisa letu lililoyafanya katika kisa hiki, hilo ndilo pekee ninaloweza kulisema bila kuinamisha kichwa.

Ushuhuda uliokataliwa

Msichana alikaa wiki tatu katika makao ya watoto kabla ya kurudi nyumbani. Sisi huku tulikwisha kupanga: Jumapili ya shukrani, mbuzi, msichana asimame mbele atoe ushuhuda jinsi Bwana alivyomtoa shimoni. Programu nilikuwa nimeiandika.

Mwenyekiti wa akina mama aliikataa. Alisema mtoto huyu amesimamishwa mbele yenu mara moja, yatosha. Walibishana, wengine wakiona anazima kazi ya Mungu. Afisa wa watoto alipopiga simu kutukumbusha kwamba sheria hairuhusu mtoto aliye katika kesi kutangazwa, ubishi ukaisha. Nafikiri hata bila sheria mama yule alikuwa sahihi. Akina mama wakamtembelea wawili wawili nyumbani, bila kumuuliza kitu, wakimsaidia mama yake kumenya mahindi. Ilikuwa wiki ya tano, mmoja wao akichuja uji, aliposikia habari ya ufunguo wa Kaptembwo.

Ng'ombe wa maziwa

Januari ukoo wa yule mama ukaja. Tayari alikuwa nje kwa dhamana. Walikuja kwa heshima, wazee wanne, kwanza kwa mchungaji kisha kwa baba: shilingi 60,000 na ng'ombe mmoja wa maziwa, na msichana arudishwe shule kwa gharama yao. Yaishe nyumbani. Sisi ni kanisa moja.

Usimcheke baba kwa kutaka kukubali. Shilingi 60,000 ni kokoto nyingi sana. Mchungaji naye alitaka, kwa nia njema kabisa. Alifungua Mathayo 18, saba mara sabini, na akataja kwamba hata Katiba, Ibara ya 159, inahimiza upatanisho. Ni kweli inahimiza. Lakini Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu upatanisho kwa makosa madogo ya kibinafsi, si kwa makosa makubwa. Na anayeweza kuiondoa kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa ruhusa ya mahakama. Baba hana mamlaka hayo, wala sisi.

Hayo nayajua leo. Siku ile niliyemsikia ni mwenyekiti wa akina mama tena. "Mchungaji, kama ni kusamehe mimi nimesamehe tangu jana. Lakini kesi imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Hapo mimi sijaandikwa, na wewe hujaandikwa. Tutapokeaje ng'ombe wa Jamhuri?"

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichomwokoa mchungaji na aibu. Ng'ombe hakupokelewa. Lakini tusingemkatalia mzee bila kumpa njia. Akina mama walibeba pesa za chakula cha shuleni, mihula yote ya mwaka, na baraza likalipa madeni ya nyuma. Ukimwambia maskini akatae fidia halafu ukaenda zako, umemwachia mlanguzi arudi usiku.

Mwajiri wa Kiamunyi amekuwa shahidi wa upande wa mashtaka kwa sababu taarifa zake za M-Pesa ndizo zinazoonyesha pesa zilikokwenda. Naelewa sababu. Bado inaniudhi. Yeye naye ni mtu wa ibada, ana kibandiko cha zaburi kwenye kioo cha gari. Makanisa ya huku kwetu yana wazazi. Ya mjini yana waajiri, na sijasikia wengi wakihubiriwa juu ya msichana aliye jikoni. Mchungaji wa mama mboga alijaribu: aliwataka wenye wafanyakazi wa nyumbani wawaachie Jumapili waje nao, na akina mama wakawa na benchi lao la kuwapokea. Familia mbili zilihama kanisa.

Huku sisi tuna daftari. Anayetoka kwenda kazini huandikwa: anakwenda kwa nani, nambari ya kitambulisho ya anayemchukua, simu ya mwenye nyumba, mshahara unapokelewa kwa simu ya nani. Cheti halisi kinabaki kwa mzazi, inatoka nakala. Tunapiga baada ya wiki mbili, na kila anayekwenda anakubaliana na mzazi jina la shangazi ambaye hayupo duniani. Akiuliza habari za shangazi huyo kwenye simu, sauti hata ikiwa wazi kwa wote, tunajua ana shida. Wanaume wawili walioomba nafasi ya kutangaza kazi za Uarabuni tuliwauliza leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kijana wa kwaya akatafuta jina la ajensi yao kwenye orodha ya mamlaka kwa simu yake, hakuliona. Wakaaga kabla ya chai.

Msichana yuko shuleni, darasa moja na waliokuwa nyuma yake. Kanisani kwetu haji. Huenda na nyanya yake kanisa lingine, na hakuna aliyemwambia arudi.

Kesi imeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza hakimu alikuwa likizo, ya pili wakili wa mshtakiwa hakuja, ya tatu faili halikuonekana. Kila mara baba, mama, mwenyekiti wa akina mama na mimi hushuka Luanda alfajiri, tukabadilisha gari Kisumu, tukapita Ahero na Kericho mpaka Nakuru, tukaambiwa tarehe, tukarudi. Mama mboga hufunga kibanda siku hizo. Nilimsikia wakili wa upande wa pili akimwambia mwenzake kwenye veranda kwamba hawa watachoka kabla ya Juni.

Itatajwa tena mwezi ujao. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi, iko kwa mweka hazina wa akina mama, imepungua ya mtu mmoja. Jumapili hii kikapu kitapita, na tangazo nitalisoma mimi.